Namba Moja kwa Penseli Nyekundu

Bahasha ilikuwa ya kaki, kubwa, imefungwa kwa gundi na kupigwa muhuri wa ubalozi, na ofisa aliyenikabidhi dirishani alisema jambo moja tu: nisiifungue njiani, nikifika Marekani wataifungua wenyewe. Mimi nilikuwa karani wa masjala. Kwa miaka tisa nilikuwa nimefungua kila bahasha iliyoingia ofisi za halmashauri, nikaigonga muhuri wa kupokelewa na kuipa namba. Sasa nilibeba faili langu mwenyewe la uhamiaji kifuani, Songea hadi Dar es Salaam, Dar hadi Doha, Doha hadi Dallas, siku tatu ukijumlisha na kulala, bila kujua limeandikwa nini. Uwanjani Dallas kijana wa uhamiaji aliichana kwa kidole kama mfuko wa karanga. Niliionea huruma ile karatasi kuliko nilivyojionea mimi.

Neema, wewe na wenzako wa chumba cha nyuma dukani mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Naandika, lakini vyeo sitaeleza kwa sababu nilikuwa nacho kimoja tu, na mshahara mnaujua. Mtu wa miaka arobaini na sita hasemwi amestaafu, husemwa ameacha kazi. Mimi nasema nimestaafu. Kazi ya kushika barua za wanasiasa wa Uingereza waliokwisha kufa nimeimaliza, na siirudii.

Niseme kwanza tabia yangu, maana bila hiyo hamtaelewa. Sikai. Ile miaka tisa ya masjala niliigawa Songea, Mpanda, Tabora na Mtwara, na kila uhamisho niliuomba mwenyewe. Nikifika mahali nakumbuka nilikotoka. Nikirudi, nakumbuka nilikokuwa. Texas nilianzia Garland kwenye ghala la vifungashio, nikahamia Euless karibu na uwanja wa ndege, kisha Irving, kisha Euless tena, nyumba nyingine. Kisha nikakaa kwenye kazi moja miaka kumi na minne. Watu wa kanisani walisema nimekomaa. Ukweli ni kwamba kulikuwa na namba moja niliyoiandika kwa mkono wangu siku ya tatu kazini, mahali ambapo haikustahili kuandikwa, na niliogopa kuondoka nikaiacha. Niliona kwamba siku itakapogunduliwa, atakayeulizwa ni yule atakayekuwa amekaa kwenye kiti changu.

Aliyenipeleka dukani ni Papa Safari, Mkongo wa Uvira. Tulibeba naye maboksi Garland kabla hajapata kazi ya kutengeneza fremu kwa Miss Loretta, mwenye duka. Huko kusini, jina la kwanza likitanguliwa na Miss ndiyo shikamoo yao. Mnajua duka lilivyo: mbele zulia na viti viwili vya ngozi, nyuma meza ndefu, taa na makabati ya chuma. Nilimuuliza Papa Safari ni nani hapa Texas anayenunua barua ya Mwingereza aliyekufa zamani.

"Wanaume wenye manyumba makubwa," alisema. "Bibi zao wanauliza, sasa kununua imekwisha? Wanasema imekwisha. Kesho wanarudi."

Miss Loretta hakuniuliza cheti. Aliniuliza nilikuwa nafanya nini kwetu, nikasema napanga karatasi. Akasukuma barua kuelekea kwangu na kuniambia niinue. Nilifuta mikono kwenye suruali kwanza, nikaishika pembeni kwa mikono miwili. Aliangalia vidole vyangu muda wote. Uso wangu nadhani aliuona Jumatatu iliyofuata, nilipokuja kuanza.

Kuhusu mikono, hilo ndilo la kwanza. Wageni watawauliza kwa nini hamvai glavu nyeupe kama kwenye televisheni. Glavu hazisikii karatasi. Utachana ukingo na hutajua. Nawa, kausha vizuri, usipake losheni kabla ya chakula cha mchana. Papa Safari alipaka losheni kila asubuhi kwa sababu ya ukavu wa kiyoyozi, ndiyo maana alibaki kwenye fremu.

Siku ya tatu Miss Loretta aliweka mezani barua kumi na tisa zilizotoka kwenye nyumba ya marehemu mmoja, zote za aliyewahi kuwa waziri wa makoloni. Jina lake siliandiki. Wenye barua zetu hawapendi zitajwe. Akasema, "Zipange kwa tarehe," akatoka kwenda kula. Nilizipanga. Mkono ukaendelea wenyewe. Masjala, ukishapanga karatasi unazitia namba: kona ya juu kulia, kwa rangi nyekundu, ndani ya duara. Bi Chiku, aliyenifundisha kazi Songea, alikuwa akisema karatasi isiyo na namba haipo serikalini hata kama umeikalia. Mezani palikuwa na penseli nyekundu ya nta, ile ya kuandikia maboksi. Niliandika 1, nikaizungushia duara, nikavuta barua ya pili.

Hapo Papa Safari akaniita nimshikie kioo cha fremu. Zilipita labda dakika tano. Niliporudi niliona barua kumi na nane safi na moja yenye namba. Nta haifutiki. Ukiisugua inasambaa, na inaondoka na ngozi ya karatasi.

"Ile namba haikuwako asubui," Papa Safari alisema nyuma ya bega langu.

"Najua."

"Njo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Aï, Mutanzania! Barua ya miaka mia, wewe unaifungulia dossier."

Nilikusudia kusema. Nilikuwa nimeshapanga maneno kwa Kiingereza, yakiwa na pole mbili ndani yake. Miss Loretta alirudi, akavaa miwani, akainua barua ya kwanza na kuisogeza kwenye taa. Halafu akaita, "Festo! Umeiona hii?"

"Nimeiona, mama."

"Alama ya ofisi yake! Katibu wake aliifungulia faili. Nilizipitia kule nyumbani kwa marehemu kwenye mwanga mbaya, sikuona kitu. Na wewe siku ya tatu tu umeiona." Akanipiga begani. "Una jicho."

Makatibu wa zamani walitumia kweli penseli nyekundu, kwa hiyo hakukosa sababu. Mimi ndiye niliyekosa sauti. Nilikuwa na siku tatu kazini, nimesifiwa, na yale maneno yangu yenye pole mbili nikayaacha. Jioni ile yeye mwenyewe aliandika maelezo ya mauzo: barua ya mkono wa waziri, ina namba ya faili ya ofisi kwa penseli nyekundu.

Iliuzwa kwenye maonyesho ya Houston, kwa daktari wa mifupa mstaafu niliyempenda tangu siku hiyo, bahati mbaya kwangu. Daktari Prentiss alikusanya mawaziri wa Uingereza kama wengine wanavyokusanya visu. Barua yenyewe ilikuwa na mistari minane. Waziri anaomba radhi kwamba Alhamisi hatafika kwa chakula cha mchana kwa sababu jino linamuuma. Basi. Lakini Daktari alijiuliza, kwa nini ofisi ya waziri ifungulie faili jino, na kulitia namba moja? Akahitimisha kwamba chakula hakikuwa chakula na jino halikuwa jino. Akaandika makala kwenye jarida dogo la wakusanyaji, kisha nyingine. Kila mwaka Houston alikuja kwenye meza yetu na kofia yake mkononi kuniuliza, "Kijana, umenipatia namba mbili?"

"Bado, Daktari."

Mwaka wa nne hivi Papa Safari alisikia. Alingoja mzee aende, akanitazama na uso mkavu kabisa. "Umupatie namba deux basi. Crayon iko, ile nyekundu."

Sikuongea naye mpaka tuliporudi Dallas, na mnajua ile barabara ilivyo ndefu.

Wakati huo huo nilikuwa najifunza kazi, na nadhani niliijua. Hata barua inayosomeka haraka, ichunguzeni taratibu: ishikeni kwa mshazari chini ya taa. Kalamu ya kuchovya huacha mfereji. Mistari inapokatana wino huwa mzito zaidi. Wino wa zamani hugeuka kahawia na kula karatasi kwa nyuma. Rangi ikiwa sawa kila mahali, kama imepigwa pasi, hiyo imechapwa. Msiamini fremu. Msiamini hadithi ya babu. Gundi ya selotepu msiitoe wenyewe, mpeni anayejua. Mkikuta upande wa mbele tu wa bahasha umekatwa, una anwani na sahihi pembeni, msitupe: zamani mbunge wa kule akisaini bahasha ilikwenda bure, na wengi wao waliwasainia rafiki, shangazi na rafiki wa shangazi. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Ila jambo moja niliwazidi hata wazoefu. Halmashauri, mkubwa akiwa safarini, nilisaini mimi, mbele nikaandika k.n.y., kwa niaba ya. Akiwa yupo lakini amechoka, nilisaini pia, bila k.n.y. Kwa hiyo najua sahihi ya mkubwa ikitengenezwa na mdogo inavyokuwa. Inakuwa nzuri mno. Mwenye jina ana haraka, anakwangua na kuondoka. Karani anaogopa, anamaliza kila herufi. Mara mbili nilimwambia Miss Loretta, "Mama, hii ni ya karani," akabisha, akapeleka London kuulizia, jibu likaja ni ya katibu. Baada ya hapo akaniachia niandike maelezo ya mauzo peke yangu. Hebu nifikirieni: mtu mwenye siri kama yangu ndiye aliyepewa kazi ya kusema kipi cha kweli.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa Fort Worth na barua kwenye fremu. Baba yake alimwandikia waziri mkuu wa wakati wa vita kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, na hii ndiyo asante yake, kwa mkono wake. Niliitoa kwenye fremu, nikaiweka chini ya taa. Ilikuwa imechapwa. Watu maelfu walimtakia heri, na maelfu walipata karatasi hii hii. Nilimweleza polepole, nikamwonyesha kwa lensi. Alilia kidogo, kisha akaniambia, "Afadhali nimejua. Nilikuwa namwachia mwanangu." Akanishukuru. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikarudi nikakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma kwa muda ambao Papa Safari alimaliza kukata vioo viwili.

Mwaka jana, Neema, wewe ndiye uliyepokea simu. Ulikuja mezani unacheka.

"Kaka Festo, yule dokta wa Houston anaenda London ku-search namba mbili! Miezi mitatu, kwenye maktaba za serikali. Ame-book kabisa. Na akirudi anaandika yote, anawapa chuo kikuu barua zake na maelezo. Ana miaka themanini na mbili, jamani. So sweet."

Nilikwenda kusimama kwenye maegesho. Kosa la dakika moja lilikuwa limekwisha kumla mtu miaka kumi na minne ya akili yake, na sasa lilikuwa linapandisha moyo mbovu kwenye ndege. Nilijua habari za moyo wake. Alinionyesha mwenyewe kovu, Houston, kwa fahari, kama anavyoonyesha sahihi. Nikajua kwamba nikinyamaza safari hii, nimenyamaza milele, na nitakaa kwenye kiti kile mpaka nife.

Miss Loretta alikuwa anakunywa chai yake ya barafu. Nilifunga mlango, nikamweleza nikiwa wima, pole zikawa zaidi ya mbili. Alifungua droo, akatoa penseli nyekundu na karatasi tupu. "Andika."

Niliandika 1, nikazungushia duara. Alileta picha ya ile barua kutoka faili la mauzo, akaziweka pamoja, akainama na lensi. Moja yangu ina ndoano juu na kimkia chini, kama Bi Chiku alivyotaka, ili isifanane na saba.

"Miaka hamsini nauza mwandiko wa watu," alisema hatimaye, "na mwandiko wa mtu ninayekaa naye meza moja sikuutambua."

"Nisamehe, mama."

"Nisamehe mimi pia, mimi ndiye niliyeandika yale maelezo. Kesho tunakwenda Houston. Utasema wewe. Nitaendesha mimi."

"Naweza kuendesha, mama."

"Wewe ukiendesha hatutasimama mpaka Mexico."

Kwa saa zote nne za njiani alizungumzia bei ya pichi na jirani yake anayefuga bata. Huntsville alininunulia kahawa.

Mlangoni kwa Daktari sanduku lilikuwa wazi sakafuni, soksi zimepangwa, na juu yake daftari nene la nadharia yake. Mke wake alituketisha. Nilisema yote: barua kumi na tisa, penseli ya maboksi, kioo cha fremu. Daktari alisikiliza akiwa amefumba macho, kama daktari.

"Masjala ni kitu gani?" aliuliza.

Nikamweleza. Chumba, makabati, kila karatasi na namba yake, nyekundu, kona ya juu kulia. Aliinuka akaleta barua, akaisoma kwa sauti, mistari yote minane, taratibu, kama mara ya kwanza. Kisha akaishusha.

"Kwa hiyo jino lilikuwa jino."

"Nilikwambia," mke wake alisema kutoka kwenye kiti chake. "Tangu mwaka wa kwanza nilikwambia, mtu ameumwa jino."

Sitawadanganya kwamba alicheka. Alinitazama na kusema, "Kijana, ungeniambia mwaka ule ule, ningecheka." Hakunipa mkono. Alimwomba Miss Loretta aichukue ile barua, akaenda chumbani. Lakini tukiwa bado tunafunga viatu, maana nyumba ile ni ya kuvua viatu, tulimsikia akirudi ukumbini na kuanza kutoa soksi sandukuni. Mke wake alitutoa mpaka kwenye gari, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asingerudi kutoka London," alisema. "Nilikuwa nimepanga nguo zangu nyeusi sandukuni pia, na hakujua."

Tulipopita Huntsville niligundua kwamba nilikuwa nimelala. Sikuwahi kulala kwenye gari la mtu mwingine tangu nije Marekani.

Maelezo mapya aliniachia niyaandike mimi. Mtayakuta kwenye kabati la pili: barua ya mkono wa waziri, kuhusu jino, namba ya penseli nyekundu imeandikwa na mfanyakazi wa duka hili. Kwenu nyote naacha kanuni moja nje ya zile za taa na mikono. Ukikosea, sema kabla mwenye duka hajamaliza chakula chake. Akishafurahi, itakuchukua miaka.

Hakunifukuza. Alisema, "Jumatatu saa tatu kama kawaida." Nikaenda Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata. Nilifanya kazi vizuri kuliko zamani, na kila siku niliona zaidi kwamba hakuna kilichonishika pale. Mlango ulikuwa mlango tu. Wiki ya sita nikamwandikia barua ya kuacha kazi, kwa mkono. Aliisoma akaniambia ameijua tangu Houston, alipoona ninavyotembea kurudi kwenye gari.

Siku ya mwisho nilikabidhi funguo kabla ya saa sita. Vitu vyangu vyote viliingia kiti cha nyuma. Papa Safari alitoka kunisindikiza, mikono ina vumbi la mbao.

"Unaenda wapi sasa?"

"Magharibi."

"Magharibi kuna nini?"

"Sijafika, Papa."

"Hata siye tuliokimbia vita tulijua tunaenda wapi," alisema, akacheka mpaka akashika paa la gari. Kisha akanikumbatia na vumbi lake lote.

Nilipita Fort Worth, nikapita Weatherford. Karibu na Abilene simu iliita, namba ya duka. Kwa miaka kumi na minne namba ile ikiita nikiwa nje ya kazi, nilisema moyoni kabla ya kusema halo: wamejua. Safari hii niliitazama ikiita, nikajisikiliza. Palikuwa kimya. Nikapokea, ukawa wewe, Neema.

"Kaka Festo, samahani, upo njiani? Ufunguo wa kabati la tatu hatuuoni."

"Droo ya chini, chini ya taulo."

"Haya, asante. Safari njema."

"Asante, mdogo wangu," nikasema, nikaongeza mwendo kidogo.